Chipu Iko Katika Hali Gani? Kusoma Viraka vya Riseti katika Keneli

(Hotuba iliyotolewa Mtwara mjini mbele ya wanafunzi, mafundi wa elektroniki na waandishi wa programu. Imeandikwa upya kwa ajili ya kusomwa.)

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, hamjambo. Nawashukuru kwa kuja Jumamosi hii, na najua wapo waliotoka Masasi na Newala, na wengine wameondoka Lindi kukiwa bado giza.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo ukilisikia tu unaliona dogo: namna ya kupitia viraka, yaani mabadiliko ya msimbo, kwenye zile fanksheni za keneli ya Linux (kiini cha mfumo endeshi) zinazoriseti vifaa, yaani kuvirudisha katika hali ya mwanzo. Fanksheni hizi huwa fupi, nyingine hazifiki mistari kumi. Mtu anaweza kuisoma akiwa amesimama, akasema iko sawa, akaendelea na shughuli zake. Ndiyo maana nilikubali kuja. Kwa maoni yangu, mistari hiyo michache inataka jicho kali kuliko kurasa nyingi za msimbo mwingine, na watu wa kusini, kwa umeme tulio nao na vifaa tunavyovihangaikia kila siku, wanalo jicho hilo tayari.

Niwaeleze kisa cha boksi moja. Kwenye baadhi ya maghala ya korosho siku hizi utakuta kompyuta ndogo imefungwa ukutani, inapima joto na unyevunyevu na kutuma vipimo kwa mtandao. Ndani yake mna Linux. Msimu ukifika, Oktoba, magunia yanapangwa hadi juu yakisubiri mnada, na mwenye ghala anataka kujua hali ya hewa ya mle ndani usiku na mchana, maana korosho ikiingia unyevu inaota ukungu na bei inaporomoka. Boksi ninalolisema lilikuwa zima kabisa likiwa mezani kwa fundi. Kule ghalani, umeme ukipepesa tu, kompyuta inajiwasha upya, vipimo vinasomwa vizuri, lakini mtandao haupo. Taa ndogo ya kijani kwenye soketi ya mtandao haiwaki. Ukizima na kuwasha harakaharaka, vilevile. Ukichomoa waya, ukangoja nusu dakika, ukachomeka, mtandao unarudi.

Naona wengi mnatikisa vichwa. Dawa hiyo mnaijua: chomoa, subiri, chomeka. Sasa tuulizane kwa nini kusubiri kunasaidia, kwa sababu jibu lake ndilo somo lote la leo.

Umeme unapoyumba, volti hushuka bila kufika sifuri. Kapasita za kwenye bodi bado zina chaji. Prosesa ina saketi inayochunga volti. Ikishuka chini ya kiwango fulani, prosesa inaanza upya. Chipu ya mtandao iliyo pembeni yake ina kiwango chake tofauti, haioni sababu ya kuanza upya, na inabaki na rejista (visehemu vyake vidogo vya kumbukumbu) zilizojaa mambo ya kabla umeme haujayumba. Keneli inapakiwa, draiva (programu ya kuiendesha chipu) inaanza kazi, na draiva inaamini imekutana na chipu mpya. Ukichomoa waya na kusubiri, kapasita zinakauka, volti inafika sifuri kweli, na umeme ukirudi chipu inajiriseti yenyewe kwa saketi yake ya ndani. Mikono yako imefanya kazi ambayo draiva ilipaswa kuifanya.

Tulipoufungua msimbo wa draiva ile, sehemu ya kuanzia ilikuwa na wito mmoja tu: reset_control_deassert. Kwa wasiozoea, tangu toleo la 3.10, mwaka 2013, keneli ya Linux ina mfumo maalumu wa laini za riseti, uko kwenye folda ya drivers/reset. Unaipa draiva vitendo viwili vya msingi. Kimoja kinabana laini ya riseti, yaani chipu inashikiliwa isifanye kazi. Hicho ni assert. Kingine kinaiachia ili chipu ianze. Hicho ni deassert. Draiva ile ilikuwa inaachia tu. Haikubana kwanza. Na kwenye bodi ile, prosesa inapoanza upya, laini inakuwa tayari imeachiwa. Kwa hiyo kuachia kilichoachiwa hakubadilishi chochote, na chipu haikuguswa hata kidogo.

Aliyeandika draiva alijaribu kazi yake, sina shaka. Aliwasha bodi kutoka kwenye umeme uliozimwa kabisa, chipu ikajiriseti yenyewe, mtandao ukaja, akaridhika. Mahali ambapo umeme hauyumbi, kosa hilo linaweza kukaa miaka bila mtu kuliona. Likifika Tandahimba linaonekana wiki ya kwanza.

Kwa hiyo swali ninaloanza nalo kila ninapofungua kiraka cha riseti ni hili: kabla fanksheni hii haijaitwa, chipu inaweza kuwa katika hali zipi? Jibu la "imezimwa" halitoshi. Inaweza kuwa imetoka kwenye umeme mpya. Inaweza kuwa imeachwa na butiloda, programu inayopakia keneli, ikiwa tayari inafanya kazi, kwa sababu butiloda iliutumia mtandao kupakia keneli. Inaweza kuwa draiva imeondolewa na kurudishwa. Inaweza kuwa keneli imewasha keneli nyingine moja kwa moja bila kupitia riseti ya mashine. Uwezo huo, kexec, umo kwenye Linux tangu 2005, na ndio unaotumika pia keneli inapoanguka na nyingine ndogo inapoamshwa ili kuhifadhi kumbukumbu za ajali. Hapo chipu inaweza kuwa bado inaandika data kwenye memori kwa DMA, yaani bila kupitia prosesa, kwenye anwani ilizopewa na keneli ambayo haipo tena. Fikirieni uzito wa jambo hilo: kifaa kinaandika juu ya memori ya mwingine, na hitilafu itatokea mahali ambapo hapana uhusiano wowote na mtandao. Atakayeitafuta atapoteza siku nyingi.

Turudi kwenye boksi letu. Kiraka cha kulitibu kilikuwa cha mistari mitatu: bana, ngoja udelay(10), achia. Kinaeleweka, kinapendeza, na nia yake ni sahihi. Ukikisoma haraka utakipitisha.

Sogeeni karibu tukitazame.

Anza na ile 10. Datashiti ya chipu hiyo, yaani karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, inataka laini ibanwe kwa milisekunde 10 au zaidi. Fanksheni ya udelay inahesabu mikrosekunde. Namba ni ileile kwenye karatasi zote mbili, kizio ndicho tofauti, na tofauti yake ni mara elfu moja. Tena inawezekana kabisa ikafanya kazi mezani kwa mwandishi, kwa sababu datashiti inatoa muda unaotosha kwa kila chipu inayotoka kiwandani, na hiyo moja uliyo nayo inaweza kuridhika na muda mfupi zaidi. Kwa hiyo "nimejaribu, imefanya kazi" haijibu swali hili. Mpitiaji lazima afungue datashiti, atafute jedwali la muda wa riseti, asome namba na kizio chake kwa macho yake. Kama datashiti haipatikani hadharani, mwombe mwandishi aandike kwenye maelezo ya kiraka namba ameitoa wapi. Hilo ni ombi la kawaida, na mwandishi makini hatachukia.

Basi tunaandika milisekunde 10. Kwa fanksheni ipi? udelay na mdelay zinaishikilia prosesa ikizunguka bure. Kwa milisekunde 10 huo ni ubadhirifu. msleep inaachia prosesa ifanye mengine, ila kwa muda mfupi kama huu inaweza kulala hadi kama milisekunde 20. usleep_range inakuruhusu kutaja kima cha chini na cha juu. Tangu 2020 ipo pia fsleep, inayokuchagulia yenyewe kulingana na muda. Lakini zote zinazolala zina sharti moja: haziruhusiwi mahali pasiporuhusu kulala, kama ndani ya interapti (kifaa kinapoikatiza prosesa) au ukiwa umeshikilia spinloku (kufuli ambalo anayelisubiri halali). Kwa hiyo usiishie kwenye fanksheni iliyobadilishwa. Panda juu, angalia nani anaiita. Riseti inayoitwa wakati draiva inaanza ni salama. Ileile ikiitwa pale draiva inaposhughulikia hitilafu katikati ya interapti, keneli italalamika au itaganda. Kiraka hakitakuonyesha hilo, kwa sababu waitaji hawamo kwenye mistari iliyobadilika.

Kuna mtego mwingine kwenye muda, na huu naupenda kuufundisha kwa sababu unawanasa hata wazoefu. Draiva nyingine hazitumii mfumo wa riseti. Zinaandika biti moja kwa moja kwenye rejista ya kifaa kwa writel, zinangoja, kisha zinaandika tena kuifuta. Kwenye njia kama ya PCI, inayounganisha prosesa na vifaa, maandishi hayo yanaweza kukaa kwanza kwenye bafa za njiani kabla ya kufika. Prosesa inaanza kuhesabu muda wa kusubiri wakati amri yenyewe bado iko safarini. Unadhani umebana kwa milisekunde 10, kumbe kifaa kimebanwa kwa muda mfupi kuliko huo. Tiba ni kusoma rejista ya kifaa hichohicho mara baada ya kuandika, kwa sababu kusoma hakuwezi kukamilika kabla maandishi yaliyotangulia hayajafika. Ukiona writel inafuatwa mara moja na muda wa kusubiri, bila kusoma katikati, uliza.

Na baada ya kuachia? Chipu inahitaji muda wa kujipanga. Kwa chipu za mtandao wa waya, kiwango cha IEEE 802.3 kinaeleza riseti nyingine ya kuandika biti ya 15 kwenye rejista namba 0. Chipu inaifuta biti hiyo yenyewe ikimaliza, na imepewa hadi nusu sekunde. Linux inaendelea kuiuliza kwa takriban sekunde 0.6 kabla ya kukata tamaa. Kiraka kinachoondoa kuuliza huko kwa hoja kwamba "chipu yetu ina kasi" kinaiondolea draiva njia pekee ya kujua kama kazi imekwisha. Jambo lingine: chipu isiyojibu kabisa husomeka ikiwa na biti zote 1, yaani 0xFFFF, kwa hiyo biti ya 15 nayo inaonekana imewashwa. Msimbo mzuri unatofautisha chipu inayochelewa na chipu isiyokuwepo, au angalau unarudisha kosa bila kujifanya umefanikiwa.

PCI Express nayo ina sheria zake. Baada ya riseti ya kawaida, programu inatakiwa ingoje milisekunde 100 kabla ya kukisemesha kifaa. Kisha kuna vifaa vinavyochelewa zaidi, na keneli inavivumilia: inauliza, inangoja, inauliza tena, kila mara ikizidisha muda wa kungoja mara mbili, hadi sekunde 60. Mtu akileta kiraka cha kupunguza sekunde hizo 60 ili mashine iwake haraka, ujue nyuma ya namba ile kuna vifaa halisi vya watu.

Hapa niseme neno kuhusu viraka vya kusafisha, kwa sababu ndivyo vinavyonipa wasiwasi zaidi. Mtu anakuta mstari wa ajabu kwenye fanksheni ya riseti, haoni kazi yake, anaufuta. Kwenye msimbo wa PCI wa Linux kuna fanksheni maalumu kwa ajili ya diski za NVMe za Samsung SM961 na PM961: kabla ya kuiriseti, keneli kwanza inakizima kidhibiti cha diski. Maelezo yaliyoandikwa juu yake yanasema kwamba bila hivyo diski inaweza kuingia katika hali mbaya baada ya riseti, na ukiisoma inarudisha -1. Hakuna kiwango wala kitabu ambacho kingekufikisha kwenye mstari huo. Umeandikwa kwa sababu mashine ya mtu ilikwama na mtu akafuatilia hadi mwisho. Ukipitia kiraka kinachofuta mstari wa riseti, tumia git blame, amri inayoonyesha kila mstari uliwekwa na nani, soma kiraka kilichouweka, na umuulize mwandishi kama amejaribu kwenye kifaa kilekile. Kama hana kifaa hicho, mstari ubaki.

Sasa jambo la laini inayotumiwa na wengi, ambalo ndilo lililokikwamisha kile kiraka cha boksi. Kwenye bodi ile, laini ya riseti ya chipu ya mtandao ndiyo hiyohiyo inayokwenda kwenye habu ya USB. Ni sawa na nyumba ya kupanga yenye swichi kuu moja: mpangaji wa chumba cha kwanza friji yake ikigoma, akaenda kubonyeza swichi kuu, wote wanaingia gizani. Ndiyo maana mwaka 2016 mfumo wa riseti ulitenganisha waziwazi laini ya mtu mmoja na laini ya pamoja. Ukiiomba kama yako peke yako na mwingine tayari anayo, keneli inakunyima na kurudisha -EBUSY. Ukiiomba kama ya pamoja, keneli inahesabu: laini inabaki imeachiwa maadamu kuna hata draiva moja inayoihitaji. Na ukijaribu kuibana kabla hujawahi kuiachia, keneli inatoa onyo na kukurudishia kosa.

Mnaona tulipofika? Kiraka kinachosema "bana, ngoja, achia" kwenye laini ya pamoja hakiwezi kutimiza kinachoahidi. Kubana kwa pamoja hakuna uhakika wa kubana kweli. Mwandishi akibadilisha neno moja, akaweka shared (ya pamoja) mahali pa exclusive (ya mtu mmoja) ili tu ile -EBUSY iondoke, msimbo utakubaliwa na kompaila na boksi litaendelea kugoma ghalani. Tiba ya bodi ile ilibidi itafutwe kwingine: kuibana laini mapema, kabla draiva zote mbili hazijaanza, na kuiriseti chipu ya mtandao kwa ile biti ya 15. Maarifa hayo hayamo kwenye faili la draiva. Yamo kwenye faili linaloieleza bodi, na kwenye mchoro wa saketi. Mpitiaji wa riseti anayesoma msimbo peke yake amesoma nusu.

Kuhusu makosa nitasema kwa ufupi. Kama bodi nyingine haina laini ya riseti, itumike fanksheni yenye neno optional kwenye jina lake, ambayo inarudisha NULL, yaani hakuna kitu, na vitendo vingine vinaikubali NULL hiyo. Kuchukulia kila kosa kuwa "laini haipo" ni hatari, kwa sababu mojawapo ya makosa hayo, -EPROBE_DEFER, maana yake ni kwamba mwenye laini bado hajaamka, rudi baadaye. Na draiva ikishindwa katikati ya kuanza, iibane tena laini iliyoiachia.

Ndugu zangu, mtu akiweka jina lake kwenye mstari wa Reviewed-by, anaiambia dunia kwamba amekisoma kiraka na anaona kinafaa kuingia. Keneli mpya inatoka kila baada ya wiki 9 au 10, na msimbo ulioingia leo unaweza kufanya kazi kwenye maboksi ya watu kwa miaka mingi. Nataka majina ya watu wa huku yaonekane kwenye mistari hiyo, na yaonekane kwa haki.

Najua kinachowazuia baadhi yenu, na si ujuzi. Huku kwetu kijana hafundishwi kumkatalia mkubwa mbele za watu, na kwenye keneli utakutana na msimbo wa mtu aliyeanza kazi hii kabla hujazaliwa. Msiitupe heshima yenu, itawafaa. Usimwambie mtu amekosea. Mwekee ukurasa wa datashiti, mwekee logi, muulize laini hii inatumiwa na nani mwingine. Mkubwa mwenye busara akiona ushahidi anashukuru, na wengi wao wana busara.

Na kuna mstari wa Tested-by, wa aliyekijaribu kiraka, ambao kwenu ni rahisi kuliko kwa mtu aliye kwenye maabara ya London au Chicago. Wengine wanalazimika kuutengeneza umeme mbaya. Lakini jaribio lieleweke: andika bodi ipi, toleo gani la keneli, na ulifanya nini hasa. Uliwasha kutoka sifuri? Uliitoa draiva na kuirudisha? Uliwasha upya bila kukata umeme? Ulishusha volti taratibu hadi prosesa ikaanza upya, kisha ukairudisha? Ulirudia mara ngapi, na ilishindwa mara ngapi? "Inafanya kazi kwangu" bila hayo haimsaidii msimamizi wa sehemu hiyo ya keneli kuamua.

Toleo la pili la kiraka cha boksi liko kwenye karatasi mlizopewa mlangoni, pamoja na ukurasa wa datashiti na kipande cha mchoro wa saketi. Pale mezani kuna bodi mbili na pawasaplai ya kurekebisha volti. Kundi la kulia lisome kwanza na kuandika maswali. Kundi la kushoto lianze kushusha volti, mmoja akinakili kila kinachotokea kwenye logi. Baada ya saa moja mnabadilishana. Kuna swali moja kwenye mstari wa tisa ambalo mwandishi bado hajalijibu, na msimamizi analisubiri. Mafundi, njooni mbele na multimita zenu.